Gari la haibridi: Je, litauokoa mfuko wako?

JE, msomaji, umewahi kupiga hesabu ya petroli inayoteketea gari lako likiwa limesimama tu? Anayeingia kisiwani kila asubuhi kupitia Daraja la Nyali, au anayengoja feri ya Likoni jua likiwaka, anaijua adha hiyo. Ndiyo maana jamaa wengi wanayatupia macho magari ya haibridi yanayoteremshwa bandarini Kilindini kutoka Japani, kama vile Toyota Prius na Toyota Aqua. Yanafaa kweli, ama ni fahari tu?

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hiyo hugeuka jenereta na kuijaza betri nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea bure kama joto. Kwenye foleni injini huzimika na umeme huchukua kazi. Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndilo lililoupa mtindo huu umaarufu.

Kwa hivyo gari hili lina faida kubwa zaidi katika mwendo wa simama-nenda, kama ule wa Barabara ya Digo au Mwembe Tayari. Katika safari ya Nairobi, karibu kilomita 480 za mwendo wa kasi, faida hupungua kwa kuwa breki haikanyagwi sana. Hata mjini, joto letu la Mombasa lina gharama yake: kiyoyozi hunyonya betri, na injini hulazimika kuwaka tena.

Hebu tupige hesabu

Tuseme unaendesha kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 1,000. Haibridi linalokwenda kilomita 20 kwa lita litakunywa lita 600. Umeokoa lita 400. Lita ikiwa Sh180, hizo ni Sh72,000, pesa za kupunguza mzigo wa karo. Lakini ikiwa haibridi lilikugharimu Sh250,000 zaidi, itakuchukua miaka mitatu na nusu kurudisha pesa zako. Anayeendesha nusu ya mwendo huo atangoja miaka saba.

Na hapo ndipo penye mtego. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini la miaka saba linaingia, na betri yake ni ya umri uo huo. Betri ikichoka, akiba ya miaka kadhaa yaweza kumezwa kwa siku moja. Wahenga walinena, rahisi ni ghali. Kabla ya kulipa, mwite fundi anayeyajua magari haya aipime betri kwa kompyuta. Ukishanunua, usizibe kwa mizigo tundu la hewa lililo karibu na kiti cha nyuma katika magari mengi ya aina hii. Betri hupumua hapo, na joto ndilo adui yake.

Moshi je?

Kila lita ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Lita 400 ulizookoa ni zaidi ya kilo 900 kwa mwaka. Si haba. Hata hivyo, haibridi bado linachoma petroli. Limepunguza moshi, halikuumaliza.

Basi ndugu msomaji, ikiwa unashinda kwenye foleni kila siku, na betri imepimwa ikaonekana nzima, nunua. Ikiwa gari lako hutoka Jumapili tu, baki na ulilo nalo na ulitunze vyema. Na wewe mwanafunzi unayekaa Kibokoni, safari ya kwenda Marikiti haihitaji mota wala injini. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa watu wa miguu, na miguu haidai petroli.