Jinsi kichocho kinavyotuliza kinga ya mwili

MVUVI wa Usenge, huko Bondo katika Kaunti ya Siaya, aweza kuishi na minyoo ya kichocho miaka mingi na asiugue kiasi cha kuacha kuvuta nyavu. Si kwamba kinga ya mwili wake imelala. Imeamrishwa itulie.

Wenye kutoa amri hiyo ni seli za damu ziitwazo T-dhibiti, ambazo Mjapani Shimon Sakaguchi alizibainisha mwaka 1995. Yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Seli hizo huwasiliana na nyingine kwa kemikali ziitwazo saitokini. Mojawapo, intalukini-10, hunata kwenye seli zinazomeza vijidudu na kuzipunguzia ukali: hazitangazi tena kwa nguvu kwamba adui ameingia, wala hazimwagi kemikali za kuleta uvimbe. Nyingine, TGF-beta, huzuia seli za T zinazoshambulia zisiongezeke, na papo hapo hugeuza baadhi ya seli changa kuwa T-dhibiti. Yaani amri huzaa waamrishaji wapya. Isitoshe, T-dhibiti hufyonza intalukini-2, ambayo washambuliaji huihitaji ili waongezeke.

Katika kichocho cha matumbo utulivu huo una faida yake. Mnyoo jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengi husombwa na damu hadi kwenye ini, na kinga huyazingira. Pasipo kizuizi, mzingiro huo hudhuru ini kuliko mayai yenyewe: makovu yake huziba njia ya damu, bandama ikavimba na mgonjwa akaweza hata kutapika damu.

Lakini mnyoo naye hunufaika. Mwaka 2007 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI), walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya: T-dhibiti zilipungua mwilini baada ya matibabu kufaulu. Ushahidi huo, nionavyo, una uzito kuliko wa panya wa maabara.

Dawa yenyewe, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, michanga husalia. Na mvuvi arudipo katika maji yenye konokono wanaobeba vimelea, huambukizwa upya. Kukosa maumivu hakumhakikishii kwamba amepona. Hana budi kupimwa choo.