Mpira wa mkojo ukikaa muda mrefu, hatari huongezeka baada ya upasuaji wa tezi dume

RUMONGE. Mzee anayeuza mawese akizibwa na mkojo huko Bugarama, huduma ya kwanza huwa ni kuwekewa mpira. Nafuu huja papo hapo. Shida huanza anaporudi sokoni akiwa na mpira huo, akisema upasuaji usubiri kwanza msimu upite.

Kusubiri huko kuna gharama. Kila siku mpira unapobaki ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa huwa nao, hata kama hasikii maumivu wala homa.

Bakteria hao ndio humsumbua mgonjwa baada ya upasuaji wa leza. Njia hii, iliyoendelezwa New Zealand miaka ya 1990 na daktari Peter Gilling na wenzake, hupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kumenya tezi iliyovimba bila kupasua tumbo. Damu hupotea kidogo, na mara nyingi mpira hutolewa baada ya siku moja au mbili. Lakini jeraha hubaki ndani, na mkojo wenye bakteria ukipita hapo, maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu.

Walio hatarini zaidi ni waliokaa na mpira kabla ya upasuaji, wenye kisukari, wenye umri mkubwa, waliopasuliwa kwa muda mrefu kwa sababu tezi ni kubwa, na wale ambao mpira umechelewa kutolewa baadaye.

Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri mkojo uoteshwe maabara kabla ya upasuaji wa aina hii. Bakteria wakionekana, dozi moja au mbili za antibiotiki inayowaweza hutosha, ikianza dakika 30 hadi 60 kabla ya upasuaji. Mwongozo huohuo haushauri kumtibu mwenye mpira asiye na dalili wala upasuaji mbele yake. Vidonge vya kubahatisha kutoka duka la dawa huwafanya bakteria wawe sugu, na siku ya upasuaji dawa hukosa nguvu.

Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu. Anayeshuka barabara ya RN3 kupitia Nyanza-Lac na Mugina kuelekea Manyovu na Kigoma, au anayepanda Bujumbura, azihesabu siku hizo kwenye safari yake kama anavyohesabu siku za forodha.

Karatasi nazo zina uzito wake. Za Burundi huandikwa kwa Kifaransa, za Tanzania kwa Kiingereza. Mgonjwa abebe majibu ya mkojo, tarehe aliyowekewa mpira, kiwango cha sukari, na majina ya antibiotiki zote alizomeza. Jina la dawa na jina la bakteria husomeka pande zote mbili za mpaka.

Baada ya upasuaji, mkojo kuwasha kidogo au kuwa na damu hafifu kwa siku kadhaa ni kawaida. Homa yenye kutetemeka si kawaida. Mwenye dalili hiyo asisubiri kufika nyumbani. Ashuke kwenye basi, aende hospitali iliyo karibu.