Kuingiza Boti Katika Hangari

Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda hata maji yakaingia katika nyumba za watu hapa Uvira. Boti inayolisha jamaa nzima haifai kuachwa ufukoni. Tunaipandisha hangarini pamoja na remorke yake. Lakini wengi wanapima boti, wanapima nyumba, mlango wanausahau.

Tupime toka chini mpaka juu kabisa, boti ikiwa juu ya remorke, mipira imejaa upepo. Upana nao, zaidi kwa chombo cha mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, kile cha kuvua ndagala.

Sasa shida yenyewe. Udongo wetu unashuka toka milimani kwenda ziwani, basi remorke inaingia kinyumenyume ikipanda. Magurudumu yangali nje kwenye mteremko, nyuma ya boti imekwisha fika mlangoni, nayo imeinuka. Ikipita magurudumu kwa meta 2, na njia inapanda sentimeta 10 kila meta, ni sentimeta 20 zaidi. Ndipo inagongaka juu ya mlango! Tukisukuma kwa mikono, tuinue mkono wa remorke: nyuma itashuka. Moteri itolewe mbele ya yote, na mawe yawe tayari nyuma ya magurudumu, upande wa ziwani.