Robo Saa kwa Gari la Nyumbani



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaowapeleka watoto shuleni na madrasani kila kukicha, leo naomba ruhusa yenu niyaweke kando masuala ya ndoa na malezi, nizungumzie chombo kinachotubeba sote: gari la nyumbani. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Siku moja tuliondoka Mombasa kwenda Malindi, mimi, mama watoto na wanetu watatu. Mpwa wangu alikuwa anaoa, na mimi ndiye niliyetakiwa kusoma hotuba ya nikahi. Tulipoipita Mtwapa niliona mshale wa joto umepanda, nikajiambia moyoni kwamba tutafika tu. Karibu na Vipingo mvuke mweupe ukafuka mbele ya kioo. Nikaegesha kando ya barabara. Kijana wetu mkubwa akafungua boneti, akashika kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Mamake akamvuta kwa kanzu. "Wacha, mwanangu! Chungu hakifunuliwi kinapotokota!"

Alimwokoa uso na macho. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa shinikizo, kwa hivyo hupata joto kupita lile la maji yanayochemka jikoni. Ukifungua kifuniko, maji na mvuke huruka ghafla na kumchoma aliyeinama juu yake. Kisha mama watoto akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole, "Na wewe Baba, mara ya mwisho kuangalia maji ilikuwa lini?" Sikuwa na jibu. Gari lilivutwa kwa kamba hadi Kilifi, na nikahi ikafungwa hotuba ikisomwa na mwingine.

Fundi alipoifungua rejeta, likatoka tope jekundu la kutu. "Sheikh, maji haya unayatoa wapi?" Nikamwambia, kisimani kwetu. Nyote mwajua visima vyetu vya kisiwani: maji yake yana chumvi. Nilikuwa nimeokoa shilingi chache za kulanti, nikalipa injini.

Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla gari halijawashwa, robo saa ni ya ukaguzi. Hakuna katika haya linalohitaji nguvu za mwanamume wala cheti cha ufundi.

Kwanza ni maji. Angalia chupa ya akiba iliyo karibu na rejeta. Ina alama mbili, ya chini na ya juu. Kiwango kiwe kati ya hizo. Ongeza kulanti iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala si maji ya kisima. Kiwango kikishuka kila wiki, pana mahali panapovuja. Na mshale wa joto ukipanda njiani, simama mahali pa salama, zima injini, wala usiguse kifuniko mpaka kila kitu kimepoa kabisa.

Pili ni oili ya injini. Gari liwe mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua sana injini hujila. Ikizidi pia ina madhara, kwa hivyo ongeza kidogo kidogo. Ukiiona imegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi maji yamechanganyika nayo. Usiliendeshe gari hilo, mwite fundi.

Tatu ni magurudumu. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwani safari hulitia joto na kipimo kikapanda. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na vibandiko vyake huandika kwa kilopaskali: 220 ni sawa na takribani 32 za kipimo cha pauni kinachotumika katika vituo vyetu vya mafuta. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kiwango cha kujaza. Ubavuni humo pia mna tarakimu nne za kuzaliwa kwake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umezeeka na kupasuka nyufa. Wala usilisahau la akiba. Wengi hugundua halina upepo siku ya pancha.

Nne ni betri. Hewa ya bahari huharakisha kutu, na unga mweupe au wa kijani huota pale nyaya zinapofungwa. Injini ikiwa imezimwa, vaa glavu, fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Sugua kwa mswaki mkuukuu uliotiwa maji ya magadi ya kupikia, suuza kidogo, kausha, kisha rudisha ukianza na chanya na kumaliza na hasi.

Tano ni taa na wipa. Mtoto mmoja asimame nyuma, mwingine mbele, wakuambie ipi haiwaki unapokanyaga breki na kuwasha indiketa. Kwetu kazi hii hugombewa.

Sasa mpaka wake. Chupa ya mafuta ya breki ni ya kutazamwa. Kiwango kikishuka, ama breki zimelika ama panavuja, na kujaza tu ni kuuficha ugonjwa. Hilo ni la fundi, siku hiyo hiyo. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Dada mmoja aliniuliza kama haya si kumdhania fundi vibaya. La hasha. Mwenye kujua gari lake humweleza fundi maradhi kwa usahihi, na fundi mwaminifu hufurahi. Elimu hiyo huwalinda wote wawili.

Wengine husema ajali ni kadari, kisha wakaendesha kwa tairi lenye kipara. Wakumbuke yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Dua ya safari twaisoma, na tuendelee kuisoma. Lakini mkono uwe umekwisha kupima upepo.

Mwezi uliopita tulikwenda Malindi tena, kumtazama mtoto wa mpwa wangu yule. Kabla ya kuondoka, binti yetu wa miaka kumi na miwili alinionyesha kijiti cha oili kwa fahari: kati kwa kati. Tulifika salama, alhamdulillahi, na hotuba ya akika nikaisoma mimi.

Wabillahi tawfiq.