"Vumbi la Malaika" Halina Malaika

Katika mafundisho ya afya tunayoyatoa kanisani, mama mwenye kijana anayesoma Marekani huweza kutuuliza: "Dada nesi, hili 'vumbi la malaika' linalosemwa huko ni kitu gani?" Jina ni tamu, lakini kitu chenyewe ni sumu. Ni dawa ya kulevya iitwayo fensiklidini, au kwa kifupi PCP.

Ilianzia wapi?

Dawa hii haikuzaliwa mtaani. Ilitengenezwa mwaka 1956 katika maabara ya kampuni ya Parke-Davis, Marekani. Madaktari waliifurahia, maana ilikuwa nusukaputi iliyoondoa maumivu bila kudhoofisha pumzi wala moyo. Furaha hiyo haikudumu. Baadhi ya wagonjwa walizinduka wamechanganyikiwa, wakihangaika na kuona maruweruwe. Mwaka 1965 ikaondolewa katika matibabu ya binadamu.

Mwaka 1967 ikaanza kuuzwa kwa ajili ya wanyama tu, na mwaka huo huo ikaonekana mitaani San Francisco. Mwaka 1978 hata matumizi ya wanyama yalikomeshwa, lakini wahalifu walikuwa wamekwisha kujifunza kuitengeneza kwa siri.

Humfanya nini mtu?

Huvutwa, hunuswa, humezwa au hudungwa. Mara nyingi sigara au bangi huchovywa ndani yake, hivyo kijana anaweza kuivuta asijue.

Mwili hufa ganzi, macho hukodoka na kuchezacheza, hatua huyumba. Mtu huona kama mwili si wake. Mmoja hukaa kimya kama sanamu. Mwingine hushikwa na hofu kwamba anataka kuuawa, akapigana. Tena hasikii maumivu. Akiungua au akivunjika mfupa, huendelea tu. Mungu alitupa maumivu yatulinde, na dawa hii humfukuza mlinzi huyo.

Damu hupanda shinikizo, joto huzidi, misuli huharibika na kuumiza figo. Wengine hupatwa na mitukutiko, hupoteza fahamu, au hufa kwa kuanguka na kuzama majini. Kuchanganyikiwa huweza kudumu siku au hata wiki. Kwa mama mjamzito, dawa hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na anayenyonyesha huitoa katika maziwa.

Je, ile ya hospitali?

Mwaka 1962 ilitengenezwa ketamini, ndugu yake PCP, lakini yenye nguvu ndogo na inayoisha upesi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nasi wauguzi tunaifahamu vyema. Mama anayezinduka baada ya kuchomwa ketamini anaweza kuona ndoto za ajabu. Hupita. Ndiyo maana tunamweleza mapema na kukaa karibu naye. Usiikatae kwa hofu unapohitaji operesheni. Ila ketamini hiyo hiyo, ikitumiwa mitaani, hulevya na kuharibu kibofu cha mkojo.

Mama afanye nini?

Ukimkuta kijana katika hali hii, usimchape wala usimfunge kamba. Hatasikia maumivu, na kupambana naye kutamzidishia joto na kuharibu misuli. Punguza mwanga na kelele, ondoa visu na vitu vya hatari, sema naye kwa upole, kisha ita watu wazima wenye nguvu wakusaidie kumfikisha hospitali upesi.

Wapo wanaodhani ni pepo, wakakesha naye nyumbani. Jamani, mwombeeni njiani mkielekea hospitali! Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mara moja, lakini madaktari wanaweza kumtuliza, kumpoza joto na kuzilinda figo zake.

Na daktari akiuliza ametumia nini, mwambie unalolijua. Aibu itapita. Mtoto ukimpoteza, hutampata tena.