Likizo ya Mapumziko si Likizo ya Ugonjwa



Mwenzetu mmoja, mkata miwa, alifika ofisini kwetu na shida ambayo tunaamini wengi wenu mnayo ila hamjaisema. Daktari amemwambia ana ngiri na kwamba lazima apasuliwe. Naye alikuwa amekwisha kupanga kwenda kwao Arua mwezi wa Desemba, akae na mama yake mzee, aezeke nyumba, na kuupumzisha mgongo uliochoshwa na msimu mzima wa panga. Alipompelekea nyapara barua ya daktari, alijibiwa hivi: "Unazo siku zako 21 za livu. Nenda ukapasuliwe kwa siku hizo." Tena hospitali aliyokwenda kuuliza ilimtajia bei inayozidi mshahara wake wa miezi mitatu.

Basi akatuuliza maswali matatu. Je, niache safari ya nyumbani? Je, niahirishe upasuaji? Na fedha nizitoe wapi?

Tumeona vema tuyajibu hapa mbele ya wote, maana kesho swali hili litakuwa lako, uwe wa chai, wa miwa au wa kiwandani.

LIVU ILIPATIKANAJE

Wako wanaodhani livu ni hisani ya mwenye kampuni. Sivyo. Mwezi Mei na Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, wakakaa humohumo ndani ya viwanda vyao. Serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya siku 15 za likizo yenye malipo kila mwaka, na wiki ya kazi ya saa 40. Kiangazi cha mwaka huo familia ambazo hazijapata kuiona bahari zilipanda treni kwa tikiti za bei iliyopunguzwa, zikaenda pwani. Mwaka huohuo Shirika la Kazi la Kimataifa (ILO) lilipitisha Mkataba Namba 52 juu ya likizo yenye malipo.

Mwaka 1970 ukaja Mkataba Namba 132, unaotaka likizo isiyopungua wiki tatu za kazi kwa mwaka. Mkataba huo unasema kwamba siku ambazo mtu hawezi kazi kwa ugonjwa au kwa kuumia zisihesabiwe ndani ya likizo yake ya mwaka, kwa masharti yatakayowekwa na kila nchi. Jirani zetu wa Kenya waliuridhia mwaka 1979.

Sisi hatuna desturi ya kwenda pwani wakati wa kiangazi. Likizo yetu ni basi la usiku kwenda kijijini, kuzika na kuoza, kupalilia shamba la nyumbani, kulala bila king'ora cha zamu. Lakini maana yake ni ileile. Mwili uliochoka hukosea. Panga huteleza likakata mguu, mkono hukawia kutoka kwenye mashine. Akili iliyochoka nayo huleta ugomvi nyumbani na ulevi siku ya mshahara. Mapumziko ni sehemu ya kazi kama vile kunoa panga kulivyo sehemu ya kukata miwa.

Mgonjwa aliyepasuliwa hapumziki. Anauguza jeraha. Akirudi kazini siku ya 22 hana livu tena, na uchovu wa mwaka mzima bado anao.

SHERIA YASEMAJE

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Livu na ugonjwa vimewekwa katika vifungu viwili tofauti, wala kimoja hakikuwekwa kumeza kingine.

Kuhusu livu, mfanyakazi hupata siku 7 zenye mshahara kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Ni lazima awe amefanya kazi miezi sita au zaidi kwa mwajiri huyo, tena saa 16 au zaidi kwa wiki. Wakati wa kuichukua ni wa kupatana baina ya pande mbili, haupangwi na nyapara peke yake. Na mapatano yoyote ya kuiuza au kuiacha livu hiyo, hata kwa fedha, ni batili.

Kuhusu ugonjwa, mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini akiugua au akiumia hata asiweze kazi, hupata mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwake. Kwa mwezi wa pili sheria haitaji mshahara. Ugonjwa ukiendelea hata mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuuvunja mkataba baada ya kutimiza masharti yote ya mkataba huo. Ili upate mshahara wa ugonjwa kuna masharti mawili. Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hutakuwapo na kwa nini. Na akitaka, mpe cheti cha daktari kinachotaja ugonjwa na muda wake.

Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba kuchukua likizo unayostahili si sababu ya haki ya kufukuzwa, wala kukosekana kazini kwa muda usiozidi miezi mitatu kwa sababu za kweli, ugonjwa ukiwamo. Mnaona kwamba hapo pana mvutano na ile miezi miwili. Kwa hiyo ukiletewa barua mwishoni mwa mwezi wa pili, usiitie saini kabla ya kumwona mwakilishi wako. Aliyefukuzwa isivyo haki, ikiwa alikuwa kazini wiki 13 au zaidi, ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko yake kwa Afisa wa Kazi wa wilaya. Muda huo ukipita, itakubidi uonyeshe sababu ya haki ya kuchelewa kwako.

Na vibarua je? Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki zote za mfanyakazi. Wako wenzetu waliokaa vibarua miaka, na kila wakiugua huambiwa hawamo katika daftari. Hao nao sheria inawahusu.

WENZETU WA NCHI JIRANI

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, livu ni siku 21 za kazi zisizopungua kila mwaka. Siku za ugonjwa ni chache: 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Hapo sisi tuna nafuu.

Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, livu ni siku 28 mfululizo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Tena sheria yao inakataza wazi kwamba mwajiri asimlazimishe wala asimruhusu mfanyakazi kutumia livu ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Yule nyapara angekuwa Tanzania, neno lake lingekuwa kinyume cha sheria moja kwa moja. Huku kwetu itabidi tubishane. Sentensi hiyo moja ndiyo tunayotaka iingie katika kila mapatano ya pamoja tutakayofanya na waajiri.

UPASUAJI USINGOJE DESEMBA

Sasa swali la pili. Ngiri ni tundu au udhaifu katika ukuta wa tumbo, na utumbo husukumwa nje kupitia hapo, mara nyingi kwenye kinena. Kubeba mizigo mizito na kukohoa kwa muda mrefu huizidisha. Kwa mtu mzima haiponi yenyewe, wala haiponi kwa mizizi na chale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa umo ukutani kwelikweli.

Ngiri nyingine huweza kungoja kwa muda, akiruhusu daktari. Lakini kuna dalili zisizongoja hata saa moja: uvimbe ambao ulikuwa ukirudi ndani na sasa haurudi, maumivu makali ya ghafula, kutapika, uvimbe kubadilika rangi, au kushindwa kupata choo na kutoa hewa. Hapo utumbo umebanwa, damu haipiti, na unaweza kuoza kwa muda wa saa chache. Nenda hospitali usiku huohuo. Upasuaji wa dharura ni wa hatari zaidi na wa gharama zaidi kuliko ule uliopangwa.

HESABU YA SIKU

Baada ya upasuaji wa ngiri uliokwenda vizuri, wengi hutoka hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Lakini mizigo mizito haifai kwa wiki nne hadi sita. Karani anaweza kurudi mapema. Mkata miwa na mbeba magunia hawawezi.

Tuchukue wiki sita, yaani siku 42. Mwezi wa kwanza, tuseme siku 30, ni wa mshahara kamili kwa sheria ya ugonjwa. Zinabaki siku 12. Hapo mfanyakazi ana njia mbili. Ya kwanza, amwombe daktari aandike katika cheti kwamba arudi kwa kazi nyepesi: kuhesabu, kupima, kulinda stoo. Ya pili, kama kazi nyepesi haipo, aombe yeye mwenyewe siku 12 katika zile 21 za livu ili mshahara usikatike. Bado atakuwa na siku 9 za Desemba, na mama yake atamwona.

Mkiangalia vizuri, siku zilezile zingeweza kuliwa zote kwa neno la nyapara. Tofauti ni nani anayeamua, na ni siku ngapi.

FEDHA

Tangu Machi 2001 hospitali za serikali hapa Uganda hazitozi ada katika wadi za kawaida. Ada imebaki katika wadi za kulipia. Hata hivyo twajua sote kwamba mgonjwa mara nyingi huambiwa akanunue glovu, uzi au dawa iliyokwisha. Foleni nayo ni ndefu, na hiyo ni sababu nyingine ya kujiandikisha mapema. Hospitali za misheni hutoza, ila nyingine hukubali kulipwa kidogo kidogo ukipatana nazo kabla. Popote uendapo, omba uandikiwe makadirio: upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, dawa za kwenda nazo nyumbani. Kisha ongeza yale yasiyoandikwa, yaani nauli ya watu wawili, chakula cha mwangalizi wako, na matumizi ya watoto uliowaacha.

Bima ya afya ya taifa hatuna. Bunge lilipitisha muswada wake mwaka 2021, lakini haukutiwa saini ukawa sheria. Basi angalia milango hii:

Kwanza, kama ngiri ilitokea ghafula ulipokuwa ukiinua mzigo kazini, huenda ni jeraha la kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu za jeraha la kazi. Toa taarifa siku hiyohiyo, wala usivuke mwezi mmoja tangu ajali. Taja mashahidi.

Pili, soma mapatano ya pamoja ya kampuni yako. Mengine yana kifungu cha matibabu ambacho hakijapata kuombwa na mtu.

Tatu, chama chenu cha kuweka na kukopa. Kopa kabla ya upasuaji, ungali na mshahara wa kuonyesha.

Nne, akiba yako ya NSSF, ambako wewe hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, mwenye umri wa miaka 45 na zaidi aliyeweka akiba kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Ni fedha ya uzee, kwa hiyo uwe mlango wa mwisho.

Mlango wa kuukimbia ni wa mkopeshaji anayeshika kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Jeraha litapona kabla hujamaliza kumlipa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Peleka barua ya daktari kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa saini na aliyeipokea.
2. Omba likizo ya ugonjwa kwa jina lake. Usijaze fomu ya livu kwa sababu fomu ya ugonjwa imekwisha.
3. Livu ya Desemba iombe kwa barua yake, na mapema.
4. Ukiambiwa la, mwite mwakilishi wa wafanyakazi kabla hujagombana na nyapara.
5. Usirudi kwenye mzigo mzito kabla ya daktari kukuruhusu, hata ukiahidiwa ovataimu.

Yule mwenzetu alirudi kwa meneja akiwa na mwakilishi wake na barua mbili, moja ya ugonjwa na moja ya livu. Barua ya ugonjwa imekubaliwa na siku ya upasuaji imewekwa, katika hospitali ya serikali. Ya livu bado twaifuatilia. Ninyi mlio na kesi kama hii msikae kimya hadi siku ya kulazwa. Njoni ofisini na cheti cha daktari na karatasi ya mshahara, tuhesabu pamoja.