-ING ya Kiingereza na -KI- Yetu

Ndugu mwanafunzi, kwamba "is writing" maana yake ni "anaandika", hilo unalijua tangu shule ya msingi na sitalirefusha. Lakini umbo hilo la -ing, ambalo Waingereza huliita "present participle", lina kazi nyingine, na huko ndiko alama nyingi za mtihani zinakopotelea.

Tuanze na unachokijua. Katika darasa la nahau umefundishwa haal: "jaa al-waladu baakiyan", yaani mtoto alikuja akilia. Kiingereza husema "The boy came crying". Umeona? Penye haal kwa Kiarabu na -ki- kwa Kiswahili, Kiingereza huweka -ing. Vivyo hivyo "I saw her crossing the road", nilimwona akivuka barabara. Ukisema "I saw her cross the road", maana yake ulimwona mpaka akamaliza kuvuka.

Sasa kuna mtego, nao unatunasa sisi Waswahili hasa. -ki- yetu humbeba mtendaji wake: nikienda, akienda, wakienda. -ing haibebi mtu. Msomaji wa Kiingereza humtafuta mtendaji kwenye kiima cha sentensi inayofuata. Kwa hiyo "Nikienda shule, mbwa alinifukuza" ni Kiswahili kisicho na tatizo, lakini ukiandika "Walking to school, a dog chased me", umesema mbwa ndiye aliyekuwa akienda shule! Andika "Walking to school, I was chased by a dog", au mtaje mtendaji kabisa: "While I was walking to school, a dog chased me".

Waliosoma sarfu watanielewa haraka zaidi hapa. Kaatib ni mwenye kuandika, maktuub ni kilichoandikwa. "Boring" iko upande wa kaatib, "bored" upande wa maktuub. Anayemwambia mwalimu "I am boring" amejitangaza kuwa yeye ndiye anayechosha watu. Na kwenye barua ya kuomba kazi, "I am interesting in this job" inatosha kuifanya barua iwekwe kando. Sema "interested".

Tena si kila -ing ni ya namna hii. "A sleeping child" ni mtoto aliyelala, lakini "a sleeping mat" ni mkeka wa kulalia, mkeka haulali. Hiyo ya pili ni nomino, karibu na masdar. Kiswahili kikikupa ku-, kama "Swimming is good", kuogelea ni kuzuri, jua mara nyingi umekutana na nomino.

Tahajia nayo: "make" huwa "making", "run" huwa "running", "lie" huwa "lying". "Die", yaani kufa, huwa "dying"; lakini "dye", kutia rangi nguo, huwa "dyeing", e yake haiondoki, nguo isije ikadhaniwa inakata roho.